Kapu la Bi Chumu na Nauli ya Kurudi

Wanangu mnaobeba mizigo ya watu kwa kirikuu huku jicho moja liko kwenye simu, kaeni kidogo barazani hapa. Najua simu italia na mtaondoka, maana mkichelewa kuipokea oda anapewa mwengine. Basi ikilia nendeni, mimi nitaendelea na atakayebaki.

Mimi ni Kombo wa hapa Vitongoji. Watoto wangu nimewalea kwa kazi ya mizigo katika gati ya Mkoani, kwanza mchukuzi wa mgongoni, halafu wakala. Wakala wa wakati ule hakuwa na ofisi. Alikuwa na wino wa kuandikia magunia, shazia la kushonea midomo ya makapu, na sura ya kujulikana. Hiyo sura ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Mtu akitoka Dar es Salaam na mzigo alinikabidhi pale gatini akasema tu, "Wa mama huu," kisha akaenda zake. Mimi ndiye niliyetakiwa kumjua mama ni nani, nyumba yake ni ipi, na kama siku ile yuko nyumbani au kaenda Wete harusini.

Nikwambieni kitu ambacho simu haikwambieni. Gunia la unga usilitazame juu, lipapase chini kwa kiganja. Maji hayapandi yakakusalimu, hukaa chini yakakungojea mpaka mwenyewe afungue gunia nyumbani na wewe ushakula pesa yake. Mafuta ya taa na unga havikai ubavu mmoja, hata dumu likifungwa vipi. Ndizi zilizoiva hukaa juu ya kila kitu, na doriani, kwa harufu yake, hukaa peke yake, mbali, kama mtu mwenye ugomvi na ukoo mzima.

Hilo la doriani alinifunza Faki, aliyenitangulia katika kazi, Mungu amrehemu. Yeye alijifunza kwa aibu. Alipakia gunia la doriani juu ya sanduku la nguo za bibi harusi aliyekuwa akipelekwa Unguja. Safari ilikuwa ya joto na meli ilichelewa kuondoka. Nguo zikafuliwa, zikafukizwa udi, zikafukizwa tena, wapi. Inasemekana bibi harusi alipoingia ukumbini wazee wa Kipemba waliokuwepo walianza kuulizana mmoja mmoja nani kaja na doriani na kwa nini hagawi. Faki hakupenda kukumbushwa mpaka anakufa, na mimi nilimkumbusha kila mwaka msimu ukifika.

Lakini Faki huyo huyo ndiye aliyenifundisha sharti la kapu, na hilo ndilo nililokukalisheni.

Mnalijua kapu la ukili, lile la kusukwa kwa mkono. Mama wa Pemba alilijaza vya shamba na vya pwani, akalishona mdomo, akamletea wakala alipeleke kwa mwanawe Dar. Alilipia kwenda. Kule mwana alilifungua, akatoa vya mama, akatia vyake, akalishona tena, nalo likarudi. Kurudi halikulipiwa. Faki alikuwa mkali kwa hilo. Alisema mtu akimletea mwenziwe chakula kwenye bakuli, bakuli halirudishwi tupu, na wewe uliyetumwa kulirudisha hutozi kitu kwa kulibeba. Mawakala wote wa gatini tulilishika sharti hilo. Palikuwa na nafasi maalumu juu ya mzigo, nyuma ya kichwa cha gari, tukiiita mahali pa makapu.

Katika makapu yote niliyoyabeba, la Bi Chumu nililijua hata gizani. Bi Chumu alikuwa jirani yangu, mjane wa rafiki yangu Hamad. Alilisuka mwenyewe, ukingo wake wa zambarau, na mdomo alikuwa akiushona kwa uzi mwekundu, mishono mifupi mifupi, hata mdudu chungu asipite. Mwanawe alikuwa mmoja tu aliye hai, Raya, fundi cherehani, ameolewa Dar na ana watoto. Kapu lilikwenda na mafuta ya nazi, ng'onda, mbaazi, muhogo, na shelisheli zikiwa tayari. Likarudi na sukari, unga wa ngano, majani ya chai, sabuni, na pengine kanga. Nyumba mbili zilikuwa zikiishi humo. Raya hakununua mafuta ya nazi wala samaki mkavu, na Bi Chumu hakununua sukari. Pesa kidogo waliyokuwa nayo kila mmoja ilikwenda kwenye mambo mengine, Raya mikoba ya skuli ya wanawe, na Bi Chumu dawa yake ya presha, aliyokuwa akiinunua dukani Chake Chake.

Mimi nikastaafu, mgongo ulipokataa. Mawakala wenzangu wakapungua, wengine wakafa, na ikaja hii programu yenu ya mizigo.

Msione nimekuja kuilaani. Mimi si mzee wa kulaani kila kitu alichokikuta kimekuja nyuma yake. Nimeona mkulima wa hapa aliyekuwa akiozewa machungwa kwa kukosa gari, leo anabonyeza, gari lililokuwa likirudi tupu linampitia. Nimeona majirani wakichangia gunia la mchele kutoka Mkoani, bei nafuu kuliko kununua kilo kilo hapa kwetu. Hayo ni mazuri. Lakini nimeona pia mke wangu, Bi Riziki, aliyekuwa akihesabu vitunguu kabla hajaviweka kwenye chungu, akiagiza kikaango kwa sababu simu ilimwambia usafiri wake ni bure. Kikaango kikaja. Mwezi wa pili kikaja kifuniko chake. Nikamuuliza kifuniko kimekuja kufanya nini, akanambia, "Na hiki nacho usafiri bure, Kombo, ntakiachaje?" Mlango ukigongwa siku hizi kwangu nashika mfuko kwanza, ndipo nauliza nani.

Haya, sasa Bi Chumu.

Raya naye alijiunga na programu. Asubuhi moja dereva wa kirikuu akasimama mbele ya nyumba ya Bi Chumu na boksi. Mimi nilikuwa barazani kwangu, nyumba zinatazamana. Bi Chumu akalipokea boksi, akaona jina la Raya, akafurahi mpaka akamwita yule dereva aingie ndani apewe maji. Kisha akamwambia, "Hebu ngoja kidogo baba, nilitoe vitu n'litie vyangu, ulirejeshe."

Dereva akasema, "Bibi, oda yangu ishakamilika. Boksi ni lako."

"Langu vipi? Boksi la watu mie n'lifanyeje?"

"Litupe tu, bibi."

Bi Chumu akamtazama kama aliyemsikia akitukana. Dereva wa watu hana kosa, alikuwa na oda nyengine Chake na simu inamwita. Akaondoka. Bi Chumu akavuka njia akaja kwangu na lile boksi mikononi, tupu.

"Bwana Kombo, chombo cha mwanangu hiki kimeachwa kwangu. N'takirejesha na nani?"

Nikamwambia boksi si kapu, boksi ni ganda tu, linatupwa. Akasema, "Kwenu. Kwangu mie kitu kilichonletea chakula hakitupwi wala hakirudi kitupu."

Basi nikatoa simu niliyonunuliwa na mwanangu, nikaingia kwenye programu, nikamtafutia gari na nafasi kwenye meli. Nikamsomea gharama. Kulituma kapu moja kwenda Dar kulikuwa ni ghali kuliko vyote vilivyomo ndani ya kapu. Na hakukuwa na kurudi humo, kila safari inajitegemea. Kwa Raya ilikuwa rahisi kiasi, yeye alikuwa akinunua kwenye maduka makubwa ya kule, usafiri umeshatiwa kwenye bei ya kitu na hauonekani. Huku Vitongoji unaonekana wote.

Akasema, "Lipa. Pesa hizi hapa." Akafungua fundo la kanga.

Boksi halikustahimili mafuta na ng'onda, basi akavitia kapuni, nalo boksi akaliweka. Nikapiga oda, nikidhani ni ya mara moja, ya kuiridhisha roho yake. Mwezi uliofuata likaja boksi jengine. Akaja tena na fundo lake. Nikamwambia wazi, wala sikuzunguka: "Bi Chumu, hii nauli inakula nyumba yako. Raya ni mwanao, hakudai bakuli."

"Kwani yeye ndo anodai? Nnajidai mie mwenyewe."

Kuku wakaanza kupungua uani kwake. Nilimuona mnunuzi akitoka nao kichwa chini miguu juu. Jogoo wake wa mwisho alitaka kumtuma kwa Raya akiwa hai, afugwe. Dereva akakataa, programu haipokei kiumbe. Bi Chumu alishangaa sana, na mimi nikamuunga mkono, maana katika maisha yangu nimebeba mbuzi, bata, na jogoo mmoja aliyewika ndani ya meli usiku mkubwa, nusu ya abiria wakaamka kutawadha na nahodha akaja kuuliza nani kaadhini. Nilipomhadithia hilo, Bi Chumu alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Sikumuona tena kucheka vile. Jogoo akauzwa, na pesa yake ikawa nauli.

Alipokodisha ile mikarafuu michache aliyoachiwa na Hamad, nikaona sasa basi. Nikampigia simu Raya, mbele ya Bi Riziki. Nikamweleza kwamba mama yake anagharimika kumtumia vitu.

"Ami Kombo, mwambie asitume," akasema. "Chakula huku kipo. Mwambie apumzike, mimi ndiye nitakayemtumia."

Nikavuka njia nikaufikisha ujumbe wake kwa maneno mazuri niliyokuwa nayo. Bi Chumu alikuwa akisuka. Mkono ukasimama.

"Kasema hakitaki?"

"Hakusema hivyo. Kasema upumzike."

"Ng'onda zangu zimekuwa mbaya?"

"Bi Chumu, hakuna aliyesema ng'onda."

Akaendelea kusuka. Wiki hiyo hiyo yakaja maboksi mawili kwa pamoja, mafuta ya kupikia, mchele wa kunukia, na mashine ya kusagia ya umeme, ambayo hakuitoa hata kwenye mfuko wake. Raya alitaka kumuonesha mama yake kwamba hapungukiwi. Bi Chumu akaona deni la heshima limekuwa maradufu. Akajaza kapu, akajaza na kikapu kidogo pembeni. Nikamwambia mimi siibonyezi tena hiyo simu. Akamtafuta mtu mwengine mtaani akambonyezea. Simu ziko nyingi.

Nilichokuwa sikijui ni dawa. Alianguka asubuhi akiwa anakoroga mafuta ya nazi jikoni, upande mmoja wa mwili umelegea na maneno hayatoki. Tukamkimbiza hospitali Chake Chake. Bi Riziki akabaki kumkusanyia nguo, na mvunguni mwa kitanda akaona karatasi za vidonge na wembe. Kila kidonge kilikuwa kimekatwa nusu. Alikuwa akimeza nusu ili karatasi moja ifike mbali, na pesa anayoiokoa hapo anaiweka nauli. Bi Riziki alikaa kwenye sakafu na wembe ule mkononi mpaka nilipokuja kumwita. Mpaka leo hawezi kuusimulia bila kulia, na mimi ndiyo kwanza nausimulia mbele za watu.

Bi Chumu hakurudi nyumbani. Tulimzika hapa hapa, pembeni ya Hamad. Raya aliwahi maziko, alikuja kwa ndege ya asubuhi, macho makavu kabisa, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

Matanga yalipoisha akaja kuniita twende naye kwenye chumba cha nyuma. Maboksi yote aliyowahi kumtumia mama yake yalikuwepo. Yamefutwa vumbi, yamekunjuliwa, yamepangwa moja juu ya jengine, yamefungwa kwa kamba ya usumba. Juu yake limekaa kapu, nusu limejaa, na shazia limechomekwa ukingoni na uzi mwekundu umeshatungwa.

"Ami, haya maboksi ya nini?"

"Vyombo vyako, mwanangu. Alikuwa akivihifadhi mpaka apatikane wa kuvirejesha."

"Lakini ni takataka haya. Kila mtu anayatupa."

"Nilimwambia."

Akakaa juu ya kitanda cha mama yake. Akanambia jambo ambalo ndilo linaloniuma zaidi katika yote. Kapu la kwanza lilipofika kwake kwa programu, na mama ameligharimia mwenyewe njia nzima, aliliona kama lawama. Alidhani mama anamwambia kwa njia ya adabu kwamba anachotuma ni kidogo. Akaongeza. Mama naye akaongeza. Nilipompigia simu kusema mama anagharimika, alidhani ni mimi ninayemfikishia manung'uniko. Akaongeza tena. Watoto wakaanza kwenda skuli kwa miguu, wakaacha nyama, akashona mpaka usiku, ili yale maboksi yasikatike.

"Nilikuwa nikijinyima nimridhishe," akasema.

"Naye alikuwa akijinyima akuridhishe wewe."

"Na hakuna hata mmoja aliyetaka kitu."

Hapo ndipo alipolia. Nilimwacha. Wanangu, nimezika watu wengi, lakini siku ile nilitoka nikakaa kizingitini mpaka alipomaliza. Wakati wa kapu la zamani, mimi nilikuwa njiani katikati yao. Nilimuona Bi Chumu anavyoshona mdomo, nikamuona na Raya akinikabidhi lake kule Dar, nikajua nani kakonda na nani kapungukiwa, na nikisema neno linasikika kwa sauti yangu na kwa sura yangu. Mzigo wenu unafika haraka, nakubali, wala hauvunjiki. Lakini hauna mtu wa kusema, "Mama yako anakohoa," au, "Raya kachoka, Bi Chumu, usimtilie sana mwezi huu." Ukitaka kusema hayo kwa simu yanakuwa makubwa kuliko yalivyo, kama yangu yalivyokuwa.

Raya aliondoka na lile kapu. Alilibeba mwenyewe mkononi.

Baadaye, nami nimeshaanza kuzoea kuiona nyumba ya mbele imefungwa, kirikuu kikasimama kwangu. Boksi, jina langu. Bi Riziki akaapa hakuagiza kitu. Ndani yake nikalikuta kapu lenye ukingo wa zambarau, shazia bado limechomekwa pale pale, na ndani ya kapu sukari, unga wa ngano, majani ya chai, na kanga ya Bi Riziki. Hakuna neno lolote. Dereva akasema oda imekamilika, akaondosha gari.

Tukavitoa kimoja kimoja. Bi Riziki akasema, "Sasa, Kombo, sisi tutatia nini?"

Tukatia visivyooza. Mafuta ya nazi, ng'onda, mbaazi kavu, karafuu kidogo za kutia kwenye chai. Mdomo nikaushona kwa shazia la Bi Chumu, uzi ule ule aliouacha umetungwa. Simu ilikuwa mfukoni na sikuitoa. Nikilituma kwa programu, Raya ataijua gharama yake, maana sasa anaijua, na hatoweza kulala bila kujibu. Mimi sitaki kulianzisha tena jambo lile lile lililomzika mama yake.

Nikapanda gari mpaka Mkoani, kapu mapajani, siku ya meli. Nilisema nitamuona mtu ninayemjua. Nikasimama pale pale nilipokuwa nikisimama miaka yote, nikatazama nyuso zinazopita kwenda kupanda, moja baada ya moja. Waliona mzee na kapu wakanipisha kwa adabu. Wengine waliniamkia, nikaitikia. Lakini sikumjua hata mmoja, wala hakuna aliyenijua, na mzigo wa watu siku hizi huwezi kumkabidhi usiyemjua, ataogopa kilichomo na ana haki ya kuogopa. Honi ikapigwa, meli ikaondoka. Nikarudi Vitongoji na kapu limejaa.

Sasa hiyo simu inalia, mwacheni mwenyewe apokee. Lakini mmoja wenu akiwa na safari yake mwenyewe ya Dar, ya harusi, ya skuli, ya kutembea tu, apitie kwangu kabla hajaondoka. Nitamfungulia mdomo wa kapu aone vyote vilivyomo, kisha nitaushona tena mbele yake. Nyumba ya Raya nitamuelekeza. Akifika amwambie limeletwa na mtu, halikulipiwa kitu, na asiongeze chochote.

Liko pale nyuma ya mlango.